Alitoa Laki Tano ya Ukumbi Subaru Ipumue Vizuri, Mama Mkwe Ndiye Aliyesikia Inakohoa

Jamaa ni wa Sinza, na jina lake libaki huko huko Sinza. Ana miaka 29, anafanya kazi ya ofisini Posta, na ana mapenzi makubwa mawili tu maishani: mchumba wake, na Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, rangi ya bluu, gia ya mkono, aliyoinunua mkononi kwa mtu. Yapi yanatangulia? Mchumba ameshauliza mara kadhaa na hajawahi kupata jibu lililonyooka.

Yote yalianza Jumapili moja jioni pale Coco Beach. Washkaji wamepaki mistari miwili, maboneti juu, mihogo inapita, muziki unalia. Mmoja mwenye Forester ya tabo akawasha gari na kukanyaga mafuta kidogo. Gari likavuta hewa kwa sauti ya "fyuuuu", alipoachia likatoa "tshhh" kali kama soda iliyotikiswa. Simu zote zikaelekezwa kwake. Chini ya boneti lake kulikuwa na koni nyekundu ya kitambaa, inang'aa, imekaa wazi kabisa kama pambo la sebuleni.

Zamu ya jamaa wetu ikafika. Akafungua boneti. Pembeni ya injini kulikuwa na boksi jeusi la plastiki lililojaa vumbi, limefungwa klipu, halina habari na mtu. Akakanyaga mafuta, gari likanguruma vizuri tu ule mngurumo wa Subaru, lakini "fyuuu" hakuna, na "tshhh" ya kusikia kwa kutega sikio. Mtu mmoja akasema, "Mchuma mkali, ila bado wa kiwandani, eeh?" Wakacheka kidogo, wakahamia gari lingine. Kama umewahi kupenda gari, unajua sentensi kama hiyo inauma kuliko tusi.

Jumanne mchana akawa Gerezani kwenye maduka ya spea. Muuzaji alikuwa na maneno matamu kuliko mshenga. Koni hii, bosi wangu, inaongeza farasi 20 hapo hapo. Inaokoa mafuta. Inaoshwa, hununui eya klina tena mpaka unakufa. Bei 450,000 pamoja na bomba lake la alumini, ufundi 50,000, na lile boksi la zamani "tuachie sisi, litakusumbua tu nyumbani".

Laki tano kamili. Na laki tano kamili ndiyo iliyokuwa kwenye simu yake, nusu ya pili ya advansi ya ukumbi wa harusi, ikisubiri tarehe 30. Akapiga hesabu ya kichwani: mshahara unaingia tarehe 27, nitarudishia. Wanaume wengi wamezama kwenye sentensi hiyo hiyo. Akaingiza namba ya siri.

Mchumba alipouliza jioni kwa nini amechelewa, alijibiwa, "Nilikuwa gereji, bebi, sevisi ndogo tu."

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Gari lilipiga kelele mpaka watoto wa mtaani wakawa wanasimama. Alipita Daraja la Tanzanite usiku akishusha vioo kusudi asikie mwenyewe. Alipandisha video, laiki zikamiminika, hadi yule wa "bado wa kiwandani" akaweka moto watatu. Na kiukweli kabisa alihisi gari limekuwa jepesi. Ukimuuliza mtu yeyote aliyefunga koni wiki hiyo atakuapia hivyo hivyo, kwa sababu sikio linaudanganya mguu. Injini ikipiga kelele zaidi, dereva anahisi anakwenda kasi zaidi.

Shida ni kwamba jamaa ana rafiki mmoja mwenye akili za kihasibu, mtu asiyeamini kitu mpaka akihesabu. Kwenye simu kulikuwa na video ya zamani ya dashibodi, gia ya tatu, kutoka spidi 40 hadi 80 kwenye kipande kile kile cha barabara. Walihesabu: sekunde 4.3. Wakaenda tena alfajiri ya Jumapili, barabara tupu, koni imefungwa. Sekunde 4.4. Wakarudia, 4.3. Halafu wakarudia jioni baada ya kukaa kwenye foleni ya Mwenge nusu saa, boneti linaunguza mkono: 4.9.

Video ya dashibodi si maabara, hilo lijulikane. Lakini 4.9 ina maelezo, na ni ya darasa la sekondari tu.

Injini inakula hewa kuliko inavyokula mafuta. Kuchoma kilo moja ya petroli kunahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Kwa kipimo cha ujazo, kila lita moja ya petroli unayonunua pale sheli inakwenda na si chini ya lita 9,000 za hewa, na zote hizo zinapita kwenye filta. Ndiyo maana wazo kwamba filta ikiwa nyepesi nguvu inaongezeka halikutoka hewani. Lina ukweli ndani yake. Ila filta ya karatasi ikiwa safi tayari inapitisha hewa vizuri sana. Waliotengeneza hilo gari waliliandikia farasi 250 wakiwa wanajua kabisa litapumua kupitia boksi lile lile jeusi. Ukiondoa kizuizi kidogo kilichobaki, labda unapata farasi wawili watatu. Ishirini ni za muuzaji.

Na boksi lile linalodharauliwa linavuta hewa kutoka mbele ya gari, nje ya injini. Koni iliyokaa wazi chini ya boneti inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na rejeta, tabo na ekzosi. Hewa ikipata joto inapanuka, ujazo ule ule unakuwa na hewa kidogo. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 8 kuliko ya nyuzi 33, na nyuzi 33 Dar ni kivulini tu. Intakula inasaidia kupoza, lakini kwenye Subaru hii intakula yenyewe imelala juu ya injini, na gari likisimama kwenye foleni nayo inachemka. Kwa maneno mengine, jamaa alilipa laki tano gari lake livute pumzi ya moto.

Yule rafiki akamwambia, "Basi umenunua sauti. Sauti si mbaya. Sema tu ni sauti." Jamaa akanuna siku mbili.

Suala la mafuta nalo? Hilo walishalipima Wamarekani. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge ilitoa utafiti kuhusu magari ya sindano za mafuta yanayoendeshwa na kompyuta. Waliziba filta makusudi, wakakuta ulaji wa mafuta haubadiliki kwa maana yoyote, kwa sababu kompyuta inapima hewa iliyoingia na kutoa mafuta kulingana nayo. Kilichopungua ni mchomoko. Ni magari ya zamani ya kabureta ndiyo yaliyokula mafuta zaidi filta ilipoziba. Sasa kama filta iliyoziba kabisa haikuli mafuta, filta ya kitambaa itakuokolea mafuta gani?

Hadi hapo hasara ilikuwa ya pesa na heshima. Alhamisi ndiyo ikaleta mengine.

Mama wa mchumba anaishi Goba, ndani ndani, baada ya lami kuisha. Kila Alhamisi ya pili ana kliniki Muhimbili, na jamaa ndiye anayempeleka. Hili halikuwa jambo dogo. Mama hana mtoto wa kiume, mahari imeshajadiliwa, wazee wamemkubali kijana, na kati ya sifa zote zilizotajwa siku ile, ya kwanza ilikuwa "anampeleka mama hospitali". Ameingia kwenye ile familia kwa hiyo Subaru, tuseme ukweli.

Alhamisi hiyo walipita barabara ya vumbi, wakatokea Makongo, wakashika Sam Nujoma hadi Ubungo. Gari likaanza kupanda na kushuka mlio likiwa limesimama: vuuu, vu, vuuu, vu. Taa ya injini ikawaka rangi ya chungwa. Mama amekaa mbele, mkoba mapajani, hakusema kitu. Walipofika taa za Magomeni gari likazima. Likawashwa, likazima tena. Nyuma honi, daladala inatukana, bodaboda zinapita kama nyuki.

"Gari inakohoa, mwanangu," mama akasema taratibu.

"Ni foleni tu, mama. Joto."

"Hapana. Mimi nina pumu, kukohoa nakujua. Hiyo kifua chake kina kitu."

Miadi ilikuwa saa tatu. Walifika saa nne na nusu, mama kwenye bajaji, yeye akibaki kusukuma gari pembeni na vijana wawili aliowalipa elfu tano. Mama alihudumiwa wa mwisho siku hiyo. Hakulalamika, na jamaa anasema angelalamika ingekuwa nafuu.

Safari hii hakurudi Gerezani. Alielekezwa kwa fundi mmoja wa makamo, Tabata, mtu wa maneno machache anayeshughulika na Subaru tu. Fundi akachomeka mashine, ikatoa P0171. Kwa lugha ya kawaida: kwenye mchanganyiko hewa ni nyingi, mafuta ni machache. Akafungua bomba la alumini, akachomoa sensa inayopima hewa, akaiweka kwenye mwanga.

"Umeosha koni hii, mdogo wangu?"

Alikuwa ameiosha, kwa sabuni. Kisha akaipaka ile mafuta nyekundu waliyompa kwenye kichupa, akamwaga nyingi kusudi ishike vumbi vizuri. Kumbe ndani ya sensa ile kuna uzi mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inapopita inaupoza, na kompyuta inajua kiasi cha hewa kwa umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake. Ukipakwa mafuta na vumbi unakuwa kama mtu aliyevaa blanketi: upepo unapita haujui. Unaiambia kompyuta hewa ni kidogo, kompyuta inatoa mafuta kidogo, injini inabaki na njaa. Watengenezaji wa filta za namna hii wanasisitiza mafuta yapakwe kidogo tu na filta ikaushwe vizuri, na wako sahihi. Kijana aliyemwaga chupa nzima ugani Sinza hakusoma karatasi hiyo, kama ilikuwepo.

Tena kulikuwa na la pili. Bomba lile halikuwa na upana sawa na sehemu ya kiwandani ambako sensa hukaa. Sensa imepangiwa upana maalumu. Ukibadilisha upana bila kuipanga kompyuta upya, hesabu zote zinapotea, na kwenye injini ya tabo kukosa mafuta wakati unakanyaga ndiko kunakotoboa pistoni. Fundi alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama anayetaja bei ya plagi.

Halafu akatoa leso nyeupe mfukoni. Akaifunga kidoleni, akaiingiza kwenye bomba, upande wa ndani, nyuma ya filta, mahali ambako hewa ilitakiwa kuwa tayari imechujwa. Akaitoa.

Ilikuwa nyekundu. Vumbi la Goba, laini kama poda, kwenye bomba linaloingia moja kwa moja kwenye tabo.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Vumbi lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha injini. Likipita linasugua mapanga ya tabo, linasugua ringi, linasugua kuta za silinda, kidogo kidogo, bila kelele na bila taa yoyote kuwaka. Siku unayogundua gari linakula oili na kutoa moshi wa bluu, kazi ilishaisha zamani. Ndiyo maana filta hupimwa kwa vitu viwili pamoja, inavyopitisha hewa na inavyozuia vumbi, na duniani kuna kipimo cha kufanyia hivyo kinaitwa ISO 5011. Hivyo viwili vinavutana. Kitambaa chenye matundu makubwa kinapumua vizuri, na vumbi nalo linapumua humo humo. Koni ya jamaa, kwa leso ile, haikuhitaji maabara.

"Sasa fundi, kuna ile nyingine, bomba refu linashuka mpaka nyuma ya bampa. Si inavuta hewa baridi?"

Fundi akacheka kwa mara ya kwanza. "Inavuta. Masika ikifika itavuta na Jangwani yote." Akamwonyesha pembeni, injini ya mtu iko chini, fimbo ya pistoni imekunjika kama msumari uliopigwa vibaya. Maji hayabanwi. Injini ikiyameza, kitu cha chuma lazima kikubali kupinda. Kwa mji unaojaa maji kuanzia Machi mpaka Mei, pua ya gari kuikalisha usawa wa dimbwi ni kujitafutia.

Hakumwambia kwamba filta za aina hiyo zote ni uongo. Alisema gari likishaongezewa nguvu kweli kweli, tabo kubwa, sindano kubwa, kompyuta imepangwa upya na anayejua, hapo boksi la kiwandani linaweza kubana na mfumo mpya wa hewa unakuwa na kazi ya kufanya. Na hata hapo wenye akili wanaifungia koni ndani ya boksi lake, isikutane na joto. Kwa gari lililo kama lilivyotoka kiwandani, linalopita Goba mara mbili kwa mwezi, karatasi. Ibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema, maana kitabu kiliandikwa kwa barabara za Japani.

"Na ile tshhh?"

"Ile inatoka kwenye valvu yako ya siku zote. Ipo tangu kiwandani. Boksi lilikuwa linaifunika mdomo tu."

Laki nne na nusu kuondoa mfuniko.

Sensa ilisafishwa kwa dawa yake, 30,000, bahati nzuri ikapona. Likabaki boksi. Si alimwachia muuzaji? Alirudi Gerezani Jumamosi. Muuzaji akasema boksi lilishaondoka, lakini duka la tatu kutoka hapo kuna moja, orijino, limetoka Japani juzi, safi. Jamaa akaenda. Boksi limefutwa, limepakwa kitu cha kung'arisha, bei 180,000, haishuki. Akaligeuza. Chini ya kifuniko kulikuwa na maandishi ya kalamu nyeupe, tarehe na kilomita za mara ya mwisho kubadilisha filta. Mwandiko wake mwenyewe.

Akamtazama muuzaji. Muuzaji akamtazama. "Kutoka Japani juzi," jamaa akarudia. "Juzi ya juzi," muuzaji akasema bila aibu. Ungefanyaje? Alilipa. Karatasi mpya ya filta ikamgharimu 40,000, na jioni gari likawa kimya, linatembea kama zamani, mlio umetulia kwenye foleni.

Koni aliiweka kwenye boksi la viatu uvunguni.

Mchumba ndiye aliyeuliza, wakiwa wamepaki nje kwao Goba, tarehe 28. "Mbona siku hizi haipigi kelele?" Angeweza kusema tena sevisi ndogo. Mshahara ulishaingia, angeweza kujaza laki tano ile na asingejua mtu, ingawa kodi ya nyumba ingeyumba. Akakaa kidogo, mikono kwenye usukani. Kisha akasema yote: ukumbi, Gerezani, leso, boksi, na kwamba mama alichelewa kliniki kwa sababu yake yeye, wala haikuwa foleni.

Msichana hakupiga kelele. Alitoa daftari la harusi kwenye mkoba, lile lenye michango ya kamati, akaomba kalamu. Akaandika mstari mpya: eya klina. Akauliza bei moja moja, akazijumlisha mwenyewe. 450, 50, 30, 180, 40. Laki saba na nusu. Akauliza na ya bajaji ya mama. Akaiongeza.

"Suti yako ilikuwa ya shilingi ngapi?"

"Laki sita."

Akapiga mstari juu ya suti. "Kaka yako anayo ya mwaka juzi. Mnalingana."

Akafungua mlango, akashuka, halafu akainama dirishani. "Na ukumbi unalipa kesho, nitumie risiti. Ile koni iuze."

Koni bado haijauzwa. Ipo kwenye mtandao kwa 300,000, na wanaouliza wote wanauliza kitu kimoja: inalia?

Alhamisi iliyofuata mama alikaa mbele kama kawaida, mkoba mapajani. Walipofika taa za Magomeni, taa nyekundu, gari likiwa limetulia, aliinamisha kichwa upande wa injini, akasikiliza kwa muda.

"Umeipa dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."